Rehani ya Darasa la Kwanza

Tarehe 14 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu kabla sijaanza kukugombeza. Huku sote wazima. Goti la Mama ndilo halitaki kupona, lakini ulimi wake mzima kabisa, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Shemeji yako anakusalimu. Bado anakoroma, na bado kila asubuhi anakana. Cherehani yangu ilikatika mkanda nikakaa mkono shavuni, sasa imepona, na sare za shule zimenipa pumzi. Wamama wa mtaa huu wote wamegundua siku moja kwamba watoto wao wamekua.

Simu yako nikiipiga inaita mpaka inachoka. Najua utasema huko kwenye daraja lenu mtandao hakuna. Kama hakuna, mbona inaita? Haya, yaishe. Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji, kaapa ataifikisha mkononi mwako.

Binti yako, Hakimu wetu, ameanza darasa la kwanza. Sare nimemshonea mwenyewe, pindo nimeliacha nene ili nilishushe akirefuka. Asubuhi ile alikuwa na kiherehere, kavaa viatu kinyume na hataki kusaidiwa. Tulipofika langoni akasimama, akashika gauni langu. Nikamwambia twende, mama. Akasema, “Nenda wewe kwanza ukasome. Ukirudi utaniambia kukoje.” Unamjua mwanao. Tangu ajue kusema, kila ugomvi wa nyumba hii anaukatia hukumu yeye, na rufaa hakuna.

Mwalimu wa darasa la kwanza ni mama mfupi, sauti yake ya chini, lakini chumba kizima kinamsikia. Hakuvuta mtoto wa mtu. Alituruhusu wazazi tuingie, tukakaa nyuma kwenye yale madawati madogo, magoti yanagusa kidevu. Hakimu aliponyoosha kidole kutaka kujibu, machozi yakanitoka, sijui hata kwa nini, mpaka mwalimu akanijia taratibu: “Mama, mtoto amenyamaza. Umebaki wewe.” Kesho yake akatuhamishia barazani, dirisha wazi. Halafu langoni. Mwisho akatuita, akasema sasa nendeni nyumbani, ila kila mmoja amwachie mtoto wake rehani. Si pipi, si mdoli. Kitu ambacho wewe mwenyewe siku haikuendei bila hicho, ili mtoto akikishika ajue lazima utarudi kukifuata.

Ungeona vituko! Fundi viatu wa pale kona alimwachia binti yake kandambili moja, akaenda zake anachechemea. Mama mwingine aliacha simu, ikaita darasani mpaka simu zikapigwa marufuku. Mimi nikaacha futi yangu ya kupimia. Siku hiyo nimekata vitambaa kwa kukisia, na kuna bwana mmoja suruali yake sitaki hata kuizungumzia. Lakini nilipokwenda kumchukua Hakimu, nilimkuta amejivisha futi shingoni kama fundi mkuu, jicho kavu. Akanikabidhi, akasema, “Nilijua utakuja. Ungepimia nini?”

Sasa sikiliza. Tuko njiani, akaniuliza, “Shangazi, kwa hiyo na miwani ya Mama ni rehani?”

Ile miwani ambayo mama yake alimpa mlangoni pa hospitali. Hajaiachia tangu siku ile, hata akioga inakaa kwenye beseni la sabuni mbele ya macho yake. Nami umenikataza nisiseme. Ulisema mwambieni Mama amesafiri, ukaenda zako, na mwaka mzima tunamwambia amesafiri. Nikamwonyesha mbuzi aliyekuwa anapita. Mdogo wangu, mbuzi hatapita kila siku. Njoo umwambie mtoto wako kwamba mama yake amekufa.

Dada yako

*

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Barua yako imefika, imelowa kidogo pembeni lakini inasomeka. Nimefurahi kusikia mpo salama. Msalimie Mama, mwambie alikande goti na maji ya moto na chumvi. Msalimie shemeji. Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi. Tumemaliza nguzo za ng'ambo, sasa nachomelea vyuma vya pembeni, vile vya kuzuia watu wasianguke mtoni. Mvua zinanyesha hapa na pale. Chakula tunakula kwenye banda la mabati, mimi nakaa mwisho wa meza. Vijana wa hapa wameniita Bubu. Si kwa ubaya.

Nimefurahi kwamba Hakimu ananyoosha kidole. Je, anakula vizuri? Viatu vinamtosha? Dereva atakuletea kigoda nilichomtengenezea kwa mabaki ya nondo. Kingo zote nimezisugua, hakitamkwaruza. Awe anakikalia anapofanya kazi zake za shule.

Kuhusu lile swali, naona muda bado. Ndiyo kwanza ameanza shule, tusimchanganye. Mwambie safari imerefuka. Nikipata nafasi nitakuja kumwambia mwenyewe. Niachie mimi.

Nakuomba pia, kama kuna njia nyingine ya kwenda shuleni, msipite pale hospitali.

Mdogo wako

*

Tarehe 18 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Kigoda kimefika, kizuri, na kizito kama aliyekituma. Hakimu anakikalia, hata kula anakula hapohapo. Mama amelikanda goti, anasema limezidi, na anasema ni kwa sababu yako. Usijali, kila kitu siku hizi ni kwa sababu yako.

Safari imerefuka sijamwambia, na sitamwambia. Nimekaa na barua yako mapajani nikajiuliza, huyu aliyeandika ndiye yule mdogo wangu niliyembeba mgongoni? Umeniuliza viatu. Vinamtosha. Sasa nikueleze yasiyomtosha.

Watoto wakitoka, Hakimu ananirudishia futi yangu vizuri tu. Halafu, badala ya kunipa mkono twende, anarudi kusimama penye nguzo ya lango. Anatoa ile miwani mfukoni, anainyanyua juu, mkono wote umenyooka, anaitikisa kuelekea ng'ambo ya barabara, pale penye ukuta wa kiwanda cha magodoro. Siku ya kwanza nilidhani mchezo. Nikamuuliza unafanya nini?

“Mama yupo pale. Amekuja kufuata miwani yake. Ila hanioni, kwa sababu hana miwani.”

Unamkumbuka wifi yangu akiivua, alivyokuwa anafinya macho na kutanguliza kidevu? Siku moja aliuamkia mti wa jirani, tukacheka mpaka tukakaa chini. Hakimu alifinya macho vilevile, kidevu mbele, akaniambia, “Anatutafuta hivi.”

Nilivuka barabara. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nimevuka barabara kwenda kumtafuta marehemu. Hapakuwa na mtu. Ukuta tu, wa moto kwa jua, na vipande vya sponji vinapeperuka chini. Nikarudi, nikamwambia umeona, hakuna mtu. Akanijibu, “Umemtisha. Umeenda mbio.”

Tangu siku hiyo tunasimama pale mpaka mlinzi anafunga lango. Wazazi wengine wanapita wanatuamkia wakitazama pembeni. Na nikwambie ukweli, nami natazama. Juzi nilimwona mwanamke pale ukutani, gauni la rangi ya udongo, kidevu mbele. Lori likapita kati yetu. Lilipomaliza kupita, hakuna kitu. Shemeji yako anasema ni jua. Nimemwambia jua halivai gauni. Kisha nikaingia ndani nikalia, maana nilijiona nilivyofurahi kumwona.

Mwalimu hana kosa. Alitaka watoto waamini kwamba anayeacha kitu hurudi kukifuata, na wenzake wote imewasaidia. Angejuaje kwamba katikati ya darasa lake kuna mtoto aliyeachiwa rehani na mtu asiyeweza kurudi? Nilipomwandikisha aliniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikasema amesafiri. Lilinitoka lenyewe, nimelizoea.

Njoo. Kila siku anayosimama pale anazidi kuamini.

Dada yako

*

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Hujajibu. Salamu nyingine utazikuta kwenye barua iliyopita kama uliisoma.

Limetokea nililokuwa naliogopa. Binti wa fundi viatu, anayekaa naye dawati moja, amemwambia, “Mama yako hajasafiri. Mama yako alizikwa. Baba yangu alibeba jeneza.” Hakimu akamng'ata mkono. Nikaitwa. Nikamkuta mwalimu kampakata yule mwingine, na Hakimu amesimama pembeni peke yake, ameibana miwani kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga.

Aliniuliza mbele ya mwalimu, “Shangazi, kweli?”

Ningefanyaje? Kusema uongo tena nilishindwa, na ukweli umesema ni wako. Nikasema, “Tumngoje baba yako.” Hilo nalo ni jibu, na yeye si mjinga. Alinitazama kwa muda, halafu akageuza uso. Mwalimu alielewa palepale. Alikaa chini kwenye kiti chake, akashika kichwa, akasema, “Na mimi nimekuwa nikimwambia kila asubuhi, usilie, aliyeacha kitu atarudi.”

Tangu siku hiyo Hakimu haongei. Anakwenda shule, anakaa, hanyooshi kidole, daftari linarudi jeupe. Mwalimu anasema tusimlazimishe, ila aambiwe, na aambiwe na mtu wake, kabla uwanja wa michezo haujamwambia vipandevipande. Nami nyumbani hata hukumu sipati. Shemeji yako aliingia na viatu vyenye matope mpaka jikoni, akavitazama, akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Leo asubuhi alitoka chumbani amevaa lile gauni lake la njano, la tangu mama yake yupo. Limemfika juu ya magoti, vifungo vya mgongoni havifungi. Nikamwambia mama, leo shule, vaa sare. Akasema, neno lake la kwanza tangu ile siku, “Mama hanijui na sare. Ndiyo maana havuki.”

Nimemwacha aende na la njano. Mwalimu alimpokea hivyohivyo.

Sitakubembeleza tena. Kama lori likirudi bila wewe, nitamwambia mimi. Na nikimwambia mimi, atajua kwamba mama yake alikufa na baba yake akakimbia, atajua yote mawili siku moja.

Dada yako

*

Tarehe 23 Machi

Dada,

Mto ulifurika, lori likakwama ng'ambo, barua zako mbili nimezipokea pamoja. Nimezisoma nimesimama.

Naandika haraka, dereva anangoja. Sikukimbia kazi ya kulea, Dada. Kuna neno moja sijawahi kulitamka. Watu walipokuja msibani walilisema wao, mimi niliitikia tu. Kama ni kulisema, sijalisema hata nikiwa peke yangu. Nikilifikisha kwenye meno linarudi.

Wewe hukuwepo pale mlangoni. Muuguzi alisema miwani haiingii chumba cha upasuaji. Mwenyewe akaivua, akamvisha Hakimu, ikamteleza mpaka mdomoni, tukacheka wote. Akasema, “Nishikie, nikitoka nataka niwaone vizuri.” Kasha la miwani akanipa mimi. Kisha akasukumwa ndani, amefinya macho, anatupungia, lakini alikuwa anampungia mtu wa pembeni yetu.

Kasha ninalo mpaka leo, liko kwenye begi, chini ya nguo. Na anayesimama ukutani huko kwenu, huku anakuja bandani tunapokula. Husimama mlangoni, mwanga nyuma yake, anatafuta uso mmoja mmoja. Akifika kwangu anapita. Hanioni. Ndiyo sababu nakaa mwisho wa meza, Dada, nakaa karibu na mlango. Wewe ulimvukia barabara. Mimi nanyamaza nisimtishe.

Sitaki mwanangu akue hivi. Lori lingine linaondoka kesho, nimo.

Usimwambie. Safari hii si kwa kuchelewesha. Nakuja.

Mdogo wako

*

Tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu,

Natumai umefika salama na yule dereva wako mwenye kuimba. Mama anakusalimu, goti limepungua, sasa anasema ni kwa sababu ya dawa ya jirani. Mazuri si yako. Shemeji yako amekosa wa kucheza naye karata, ananihonga chai.

Nakuandikia jambo ambalo ulikuwepo lakini hukuliona, maana ulikuwa umeinamisha kichwa. Wewe ulikaa chini kwenye sakafu, yeye kwenye kigoda cha nondo, na mimi nilikuwa mlangoni na shati la mtu mkononi, najifanya nashona kifungo. Ulinyamaza mpaka nikataka kukusaidia. Ukasema, “Mama yako amekufa.” Sauti haikuwa yako. Hukumwona Hakimu alivyofunga macho, kama mtu anayemwagiwa maji kichwani, akayafungua tena.

Akauliza, “Siku ile ya miwani?” Ukasema ndiyo. “Basi alinidanganya.” Ukasema, “Hapana. Alitaka kurudi. Alitaka sana. Mwili ulimshinda. Waliodanganya ni sisi.” Akafikiri. Akasema, “Ninyi mna makosa,” nawe ukasema ndiyo, tuna makosa. Hukumu imetoka, nami nimeipokea. Halafu akakuuliza, “Huko aliko, anaona?” Nilidhani utamtungia kitu. Ukasema, “Sijui, mama.” Mdogo wangu, katika yote uliyosema hilo ndilo lililomleta mapajani mwako. Alilia mpaka jirani akachungulia, na mimi nikafuta machozi yangu kwa shati la watu.

Zile siku ulizompeleka shule mwenyewe unazijua. Uliporudi kazini, mimi ndiye niliyempeleka. Alivaa sare. Tulipofika langoni nikavua futi shingoni, nikamshikisha kama kawaida yetu. Akaitazama. Akanirudishia.

“Nenda nayo, Shangazi. Ukirudi, rudi tu.”

Akaingia. Hakugeuka. Nilibaki nimeshika futi kama mtu aliyesahau alikuwa anapima nini, mlinzi akaniuliza kama naumwa. Mchana mwalimu aliniambia amenyoosha kidole, jibu lilikuwa kosa, akabishana nalo. Binti wa fundi viatu amemsamehe, wanakaa dawati lilelile, na kandambili ya baba yake wanaiazimana.

Hasimami tena penye nguzo. Tukitoka ananipa mkono, tunakwenda. Anayegeuka kutazama ule ukuta siku hizi ni mimi. Naona sponji tu. Sijui kama nimeshukuru au vipi.

Usikae sana kimya. Na simu ikiita, pokea.

Dada yako

*

Tarehe 2 Mei

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi ni mzima. Barua yako imefika.

Tangu nirudi, mlangoni mwa banda hapajasimama mtu. Nilihama mwisho wa meza, nikakaa katikati, vijana wakashangaa kusikia Bubu anaomba chumvi. Ningesema nimepona, lakini ningekuongopea. Nina hamu naye. Afadhali alipokuwa anapita bila kuniona.

Jana nilitoa nguo zote kwenye begi nilishike lile kasha, nikakuta halimo. Nimepekua kitanda, nimepekua lori. Kisha nikakumbuka asubuhi ile naondoka, Hakimu alisema begi langu atalifunga yeye, na alimfukuza hata Mama chumbani.

Sijui kama amelichukua aweke miwani, au ameliweka rehani. Usimuulize. Nimekwisha kuzungumza na msimamizi. Vyuma vilivyobaki atavimalizia kijana niliyemfundisha, na mwisho wa mwezi nipo nyumbani.

Mwambie baba yake anakuja kulifuata kasha lake. Na mwambie, nikiliomba, asinirudishie.

Mdogo wako